Panya wa Pipa la Kumi na Saba

Saa nne kasorobo asubuhi. Reinhilde Walravens anatema kwenye ndoo.

Siyo kwamba bia ni mbaya. Hiyo ya pipa la kumi na sita ni nzuri, ameisifu mwenyewe kwa kuguna. Anatema kwa sababu amebakiza pipa moja, na hilo moja limemfanya aamke leo kabla ya jogoo.

Anajifuta mdomo, anatoa chaki, anachora msalaba kwenye uso wa pipa. Msalaba maana yake limeiva, litiwe kwenye chupa. Duara maana yake subiri. Mstari mmoja wa kulala maana yake mwaga. Hakuna alama ya nne. Ghala zima la akina Schollaert, hapa Kester, Ubelgiji, linaendeshwa na alama hizo tatu na kipande cha chaki kinachokaa kwenye aproni ya huyu mama wa miaka sitini na mbili.

"Mapipa saba, misalaba saba," anasema Miel, fundi wa mapipa, huku anasukuma ndoo kwa mguu. "Leo umeamka na huruma, dada."

"Huruma gani? Yameiva."

"Na hilo la mwisho nalo limeiva?"

Reinhilde anachukua kikombe cha maji. Anasukutua, anatema. Miel amefanya naye kazi miaka ishirini na tatu, anajua kusukutua huko kuna maana gani. Anaacha utani.

Kazi ya Reinhilde ni kuonja. Ukimwambia hivyo mtu wa mjini anacheka, anauliza nafasi zinatangazwa lini. Aje tu. Ghala lina baridi hata Julai, sakafu ni ya mawe, na magoti ya huyu mama yalishakwisha. Kwa mwezi anapeleka nyumbani kama yuro elfu mbili na mia moja. Kahawa haigusi mpaka saa saba mchana. Manukato hajapaka tangu harusi yake. Na Alhamisi ndiyo siku ya kuonja, kwa hiyo Jumatano nyumbani kwake hakipikwi kitu chenye kitunguu saumu.

"Wenzangu wameoa wake," anasema mumewe Ghislain, postamasta mstaafu. "Mimi nimeoa ulimi. Tena ulimi wenyewe una ratiba."

Alianza hapa kwa kuosha chupa, akiwa na miaka thelathini na sita. Chaki alipewa miaka tisa iliyopita, mwonjaji wa zamani alipostaafu. Hakuna cheti. Hakuna shule ya kazi hii. Unaonja pembeni ya mtu anayejua, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja anakupa chaki na kwenda zake.

Bia yenyewe haina haraka. Inachemshwa kipupwe, inaachwa wazi usiku mmoja chini ya paa ili hewa ya bonde iitie chachu yake yenyewe, kisha inalazwa kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja au miwili. Ikishakuwa chachu sawasawa, Julai inamwagiwa cheri, nzima nzima na kokwa zake, na inalala tena. Inaamka nyekundu. Wenyeji wanaiita kriek na wanainywea mkate wenye jibini nyeupe na figili. Mtu akiinywa mara ya kwanza anakunja uso. Mara ya tatu anauliza chupa ziko wapi.

Sasa pipa la kumi na saba.

Lilitiwa cheri Julai iliyopita pamoja na wenzake saba, kilo mia na ishirini kila moja. Desemba lilikuwa linaongoza. Aprili likaanza kuumwa. Ndivyo wanavyosema hapa, "linaumwa," kama wanamzungumzia ng'ombe. Ukifungua, bia haimwagiki, inavutika. Inashuka kwenye glasi kwa nyuzi kama mlenda. Mgeni akiona hivyo anakimbilia mfereji kumwaga. Mwenyeji anachora duara na kurudi mwezi ujao, kwa sababu bia hii huumwa na hupona, na nyingine zikipona zinakuwa bora kuliko ambazo hazikuumwa kabisa.

Reinhilde alichora duara. Mei akachora tena. Juni nyuzi zikakatika, bia ikaanza kushuka kama bia.

Shida ni kwamba muda umekwisha. Jumatatu cheri mpya zinaingia, mafungu manane. Saba yanatoka kwa wakulima wa Sint-Truiden na moja ni la Reinhilde mwenyewe. Mafungu manane yanataka mapipa manane matupu. Saba yamepata msalaba. Bado hili. Na bosi ameshasema: leo ni msalaba au mstari. Duara jingine hataki kuliona.

Bosi anaingia sasa hivi, simu mkononi, buti zina tope. Wannes Schollaert ana miaka thelathini na minne na amerithi ghala kwa baba yake mwaka wa tatu huu. Anamwita Reinhilde shangazi. Hawana undugu, ila huyu mama ndiye aliyekuwa anamfuta makamasi chupa zikioshwa.

"Shangazi, niambie jambo zuri."

"Salamu kwanza."

"Habari ya asubuhi, shangazi. Niambie jambo zuri."

"Chukua glasi."

Katikati ya uso wa pipa kuna msumari mdogo. Miel anaukamata kwa koleo, anauvuta, na bia inaruka nje kama uzi mwekundu. Inajaza glasi tatu mpaka robo. Anaurudisha msumari, anaugonga mara mbili.

Reinhilde anainua glasi kwenye taa. Haina nyuzi. Nyekundu safi, kando ina rangi ya kutu kidogo. Ananusa, anafunga macho, ananusa tena. Kisha anakunywa na kumeza. Hili hatemi. Anaangalia saa ya ukutani.

Wannes naye ameshameza. Uso wake unafunguka.

"Mama yangu! Hii ndiyo bora kuliko zote! Miel, onja hii kitu."

Na hasemi uongo. Uchachu unakuja wa kwanza, unabana taya chini ya masikio. Halafu cheri, siyo cheri ya pipi, cheri yenye ganda, na uchungu mwembamba wa kokwa unaofanana na lozi. Nyuma ya yote kuna mti, mti mkavu wa ghala la zamani. Mtu angeishia hapo angechora msalaba na kwenda kula.

Reinhilde bado anaangalia saa. Sekunde ishirini. Ishirini na tano. Bega lake la kulia linashuka.

"Yumo," anasema.

"Nani?" anauliza Wannes, ingawa anajua.

"Panya."

Ni ladha, siyo mnyama. Haipo ukiwa unakunywa. Inakuja ukishameza, wakati umeshaanza kufurahi: ladha ya bisi za juzi zilizosahauliwa kwenye mfuko wa koti, ladha ya kabati la mkate ambamo kitu chenye mkia kimelala. Inakaa nyuma ya ulimi na haiondoki kwa maji. Anayetema haipati, ndiyo maana pipa lililougua Reinhilde huwa analimeza.

Na kuna watu hawaipati kabisa. Wamezaliwa hivyo, mate ya watu hayafanani. Wannes ni mmoja wao. Baba yake pia alikuwa hivyo.

"Shangazi, kila mwaka panya, panya," anasema. Sauti imepanda. "Mimi simwoni. Baba hakumwona. Miel, wewe umemwona?"

Miel anakuna shingo. "Kidogo. Kama amepita tu mlangoni."

"Kidogo! Kwa hiyo lita mia nne za bia bora kuliko zote nizifanyeje, nizinyime watu kwa sababu ya panya aliyepita mlangoni? Chora msalaba, shangazi. Nakuomba."

"Sichori."

"Nitachora mwenyewe."

"Chaki iko hapa. Chora." Anaitoa, anamnyooshea. "Ila usimwambie mtu kwamba nilionja mimi."

Wannes haichukui. Kwenye mapipa mengine inasikika bia inanong'ona.

Wanaofanya kazi hapa wanasema Reinhilde hajawahi kupaza sauti ghalani. Leo pia hakupaza. Alimgeukia Miel na kumwambia alete magadi jikoni, yale ya kuokea keki, na maji ya uvuguvugu. Kijiko kimoja kwenye kikombe.

"Sukutua," akamwambia bosi wake. "Usimeze. Zungusha mdomo mzima, tema."

"Unanifanya mgonjwa?"

"Sukutua, wewe mtoto."

Uchachu wa bia ndio unaomficha panya. Magadi yanaua uchachu mdomoni, panya anabaki uchi. Hilo Reinhilde alilisikia kwa mtengeneza divai mmoja miaka mingi iliyopita, akalijaribu kwa Ghislain, na Ghislain hakuongea naye mpaka jioni.

Wannes akasukutua, akatema, akanywa bia tena. Akameza. Akaanza kusema kitu. Hakumaliza. Uso wake ulibadilika polepole kama wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Akaweka mkono mdomoni, akakimbilia ndoo.

"Karibu sana," alisema Miel.

"Nyamaza, Miel!" Wannes alikuwa ameinama, anatema na kutema. "Yaani hii ndiyo mnayoisema siku zote? Hii? Na yale niliyouza? Miaka mitatu nimeuza vitu nisivyovijua?"

"Yale niliyaonja mimi," alisema Reinhilde. "Lala usingizi."

Ingeishia hapo, simulizi hii ingekuwa fupi na yenye furaha. Mama mzee ameshinda, kijana amefunguliwa ulimi. Lakini Wannes aliponyanyuka kutoka kwenye ndoo, hakuwa tena mtu wa kuomba msalaba.

"Mwaga," alisema. "Leo hii. Miel, lete bomba."

"Ngoja kwanza," alisema Reinhilde.

"Ningoje nini? Umeniambia yumo, nimemwona. Ulikuwa sahihi, nimekosa mimi, samahani. Sasa mwaga."

"Nilisema yumo. Sikusema limekufa."

"Shangazi! Dakika tano zilizopita ulikataa lisitoke. Sasa unakataa lisimwagwe?"

"Ndiyo."

"Unataka nini basi?"

"Duara."

Wannes alicheka, kicheko kikavu. Alihesabu kwa vidole: Jumatatu, mafungu manane, mapipa saba. Alisema cheri haziwezi kukaa kwenye kreti hata siku mbili, zinaoza, na friza ya kilo mia na ishirini hakuna. Alisema hawezi kumpigia mkulima wa Sint-Truiden na kumwambia rudi na mzigo wako kwa sababu mwonjaji wangu ana huruma na panya.

Yote kweli. Reinhilde hakubisha hata moja. Alivuta kreti tupu, akakaa, maana magoti yalikuwa yanalalamika, akaeleza jambo ambalo Miel analijua na Wannes alikuwa hajawahi kulisikia lote.

Mwaka wake wa kwanza wa chaki, alikuta pipa la mwisho alilolijaza Odilon, mwonjaji aliyemfundisha. Liliumwa, nyuzi zikaisha, panya akabaki. Reinhilde alikuwa mgeni kwenye chaki na alitaka kuonekana mkali. Alichora mstari. Lita mia nne zilishuka kwenye mfereji mchana huohuo, uani kukawa kwekundu mpaka barabarani. Odilon hakuambiwa. Alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa pili, amelala usingizi wa mchana.

"Niliogopa angekuja na kuniambia nisubiri," anasema. "Kwa hiyo nikafanya haraka asije."

Kabla ya kumwaga, Miel alikinga chupa kumi na mbili. Siyo kwa imani yoyote, alitaka tu za kupikia sungura. Akazisahau chini ya ngazi. Pasaka ya pili akafungua moja, akaitia kwenye sufuria, akalamba kijiko. Akazima jiko.

"Panya hakuwepo," anasema Miel. "Nilikaa chini jikoni. Sijawahi kunywa kitu kama kile hapa wala kwingine. Mke wangu akadhani nimepata habari ya msiba."

Reinhilde alichukua chupa moja, akampelekea Odilon na kumweleza kila kitu. Mzee alikunywa glasi yote. Alipomaliza aliuliza, "Ulikuwa unawahi wapi?" Basi. Akaomba apelekwe kitandani.

"Angenitukana ningelala usiku ule," anasema Reinhilde.

Panya huondoka, ndiyo maana yake. Siyo mara zote. Kuna mapipa yalisubiriwa miaka mitatu na panya akazeekea humo. Lakini akiondoka, anaacha kitu ambacho pipa zima la afya haliwezi kukupa. Mtu pekee anayeweza kujua ni yule aliyesubiri, naye anajua akiwa ameshachelewa kufanya lingine.

Wannes alikuwa ameegemea pipa la kumi na sita. Alikuwa ametulia sasa.

"Sawa," alisema. "Nakuelewa. Lakini cheri, shangazi. Pipa la kuzitia silioni."

"Zile za wakulima, mafungu saba, ziingie kwenye yale mapipa saba."

"Na la nane?"

"La nane ni langu. Zangu zibaki nje."

Miel aligeuka. "Dada. Zile za micheri ya mama mkwe?"

"Hizohizo."

Huyu mama ana micheri minne nyuma ya nyumba, aliyoiacha mama yake Ghislain, ya aina ya Schaarbeek, yenye cheri ndogo nyeusi ambazo siku hizi wachache wanazo kwa sababu kuzichuma kunavunja mgongo. Miaka saba mfululizo cheri zake zimekuwa na pipa lao peke yao. Ni pipa pekee la ghala hili ambalo chupa zake zina jina la mtu kwenye lebo: Micheri ya Reinhilde. Wateja wanaliulizia tangu Krismasi. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuonja vitu vya wengine, hilo ndilo pipa lake.

"Lebo zimeshachapwa," alisema Wannes kwa sauti ndogo.

"Zitasubiri. Karatasi haichachi."

"Na panya asipoondoka?"

"Nitakuwa nimepoteza cheri zangu na wewe umepoteza nafasi ya pipa. Tutakuwa wajinga wawili."

"Watatu," alisema Miel. "Mimi ndiye nitakayewaletea koleo."

Wannes aliangalia pipa, akaangalia simu, akairudisha mfukoni. Alikubali mwaka mmoja, siyo wiki moja zaidi, na kwa sharti: kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi naye ataonja, na magadi yake. Hataki tena kusimuliwa panya.

Reinhilde alisimama kwa kushika pipa na kuchora duara. Chini yake akaandika Julai ya mwaka ujao.

Halafu ikaja sehemu ngumu. Alitoka uani kumpigia dada yake Clothilde, ambaye ndiye hupanda ngazi kuchuma, kwa sababu ya magoti ya Reinhilde. Simu aliishika mbali na sikio, kwa hiyo uani wote walisikia.

"Jamu? Miaka saba nakaa juu ya mti kama kunguru kwa ajili ya pipa lako, leo unaniambia jamu?"

"Jamu na pai, Clothilde."

"Za pipa hazitolewi kokwa! Za jamu zinatolewa! Kilo mia na ishirini, Rein! Moja moja! Nani atazitoa?"

"Ndiyo maana nimekupigia."



"Wewe unanitafutia maradhi," alisema Clothilde, akakata.

Baada ya dakika nne simu ikalia. Ulikuwa ujumbe. Clothilde anakuja Jumamosi saa mbili na majirani watano, na sukari anunue Reinhilde.

Saa saba mchana Reinhilde anakunywa kahawa yake ya kwanza, amekaa kwenye benchi la uani, mkate wa jibini mapajani. Anakula taratibu. Amebakiza miaka miwili na nusu kustaafu. Anasema hajui kama pipa litapona. Akiulizwa hisia zake zinamwambia nini, anakasirika kidogo: kazi yake ni kuonja, siyo kupiga ramli.

Ila mpango anao. Julai ijayo, kabla hajaligusa, atawaita wote, Wannes, Miel, hata Clothilde mwenye hasira zake. Atapita na gari kumchukua Odilon, ambaye sasa ana miaka themanini na tisa na anatembea kwa fimbo mbili. Kila mtu atameza na kuhesabu sekunde zake. Mwisho atameza yeye.

"Likiwa limepona, tutajua wote," anasema. "Na likiwa limekufa, nitalimwaga mimi kwa mkono wangu, mchana, mzee akiwa amekaa pale kwenye kiti ananiangalia."

Anakunja karatasi ya mkate, anaitia mfukoni, anarudi ndani. Mapipa saba yanasubiri kufunguliwa.